Kilo 35 za tangawizi na neno moja: upotevu

Najua nimepotea. Kwanza UE zilinikaba koo, halafu nikaenda nyumbani Same, na kule juu milimani kwetu mtandao unashika ukisimama kwenye jiwe moja tu, nyuma ya banda la mbuzi. Sasa nimerudi Mlimani, nimeshashiba chapati za kafteria, nguvu ipo. Leo siandiki habari za bumu kuchelewa wala foleni ya usajili. Leo nataka kubishana. Na kwa kuwa mnapenda kututania sisi Wapare, eti tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, basi vumilieni kidogo. Kesi yenyewe ya leo ni ya tangawizi.

Nina mshkaji wangu anasoma uhandisi kemikali pale CoET. Hapa nitamwita Injinia, maana jina lake hataki liandikwe. Mwaka jana alianza kutengeneza ukurasa wa kwenye intaneti wa kupigia hesabu ambayo wao wahandisi hawalali bila kuiota: mizania ya tungamo. Mimi nasoma ualimu, Kemia na Hisabati. Akaniomba nimsaidie kuhakiki milinganyo, na malipo yangu ni chipsi mayai kila Ijumaa. Kuandika programu mimi mweupe kabisa, lakini hesabu hazinitishi. Tukakubaliana.

Kwa wale wa Sheria na Kiswahili ambao wameshaanza kusinzia, ngoja niwaeleze hiyo mizania kwa lugha ya kwetu.

Upare kuna kitu kinaitwa ndiva. Ni bwawa dogo la kienyeji, wazee walilichimba mlimani ili kukusanya maji ya kijito. Usiku watu wamelala, maji yanaingia na kujaa. Asubuhi mlango unafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, na kila mwenye shamba anapata kwa zamu yake. Ipo kwa mfano ndiva ya Manoo, kule Bangalala. Hesabu ya ndiva ni hii: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kilichobaki ndani. Basi. Hiyo ndiyo mizania ya tungamo. Mfaransa Lavoisier aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1789 kwamba katika mmenyuko hakuna kinachoumbwa na hakuna kinachoangamia, uzito wa mwanzo na wa mwisho ni uleule. Mzee wa zamu kwenye ndiva hakumsoma Lavoisier, lakini analijua hilo.

Sasa angalieni jambo moja kuhusu huyo mzee, maana ndilo nitakalolirudia mpaka mnichoke. Asubuhi akikuta maji hayajafika kwenye alama, hasemi "maji yamepotea" halafu akaondoka. Anaanza kuuliza. Kijito kimepungua? Udongo wa chini umefungua nyufa, maji yanazama? Mlango haukuzibwa vizuri? Au kuna mtu alikuja usiku akajifungulia? Anataja njia moja baada ya nyingine, na mwizi ni njia mojawapo kati ya nyingi.

Wahandisi wanafanya hivyohivyo, ila ndiva zao ni nyingi na zimeungana. Kila mashine ni sanduku. Sanduku la kuoshea, la kukatia, la kukaushia. Mishale inaingia, mishale inatoka, na kila mshale una kilo zake na mchanganyiko wake, maji kiasi gani, kitu kikavu kiasi gani. Unaandika mlinganyo kwa kila sanduku na kwa kila kitu kilichomo. Halafu unahesabu: visivyojulikana ni vingapi, milinganyo ni mingapi? Vikilingana, unatatua. Visivyojulikana vikizidi, huna budi kwenda kupima kitu kingine. Kwenye mitambo mikubwa kuna mshale unaotoka mwisho na kurudi mwanzo, na hapo ndipo wanafunzi wa uhandisi huanza kukumbuka kwao.

Programu kubwa za kazi hii zipo siku nyingi. Aspen ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1976 kwenye chuo cha MIT, Marekani, na leo ni bidhaa ya kampuni, leseni yake si ya mtu wa bumu. Ipo DWSIM ambayo ni programu huria, haiuzwi, na inafanya mengi. Injinia hakutaka kushindana na hao. Alitaka kitu chepesi kinachofunguka kwenye simu, kisichomaliza bando, ambacho mwanafunzi au fundi wa kiwanda kidogo anaweza kuchora masanduku yake matatu, akaingiza namba, akapata jibu. Wazo zuri. Nililipenda na bado nalipenda. Ugomvi wetu ulianzia kwenye neno moja.

Ilikuwa hivi.

Same Mashariki inajulikana kwa tangawizi. Mamba Miamba kuna hata kiwanda cha kuisindika. Hadithi yangu si ya kiwanda hicho, ni ya kikundi kidogo cha watu wa huko milimani ambacho jina lake nalihifadhi. Wananunua tangawizi mbichi kwa wakulima, wanaosha, wanamenya, wanakata vipande, wanakausha, wanauza kavu. Mtoto wa mjomba wangu alikuwa mtunza stoo wao. Kijana mpole, umri kama wangu, aliishia kidato cha nne.

Msimu ule walipokea kilo 640 za mbichi. Zikatoka kilo 93 kavu. Sasa kwenye kikundi kila mtu anajua kwa kichwa kwamba kilo 5 mbichi hutoa kilo 1 kavu. Gawa 640 kwa 5, unapata 128. Zilizopo 93. Kilo 35 ziko wapi? Na funguo za stoo ziko na nani? Mnaelewa kikao kilivyokwenda.

Mjomba alinipigia simu usiku. "Mwanangu, wewe si unasoma hizo hesabu za kemia? Wanasema mwenzako ni mwizi." Nikamwambia mjomba asiwe na wasiwasi, tuna ukurasa wetu, hesabu hii ni ya dakika mbili. Nikamwamsha Injinia. Tukaingiza: mbichi kilo 640, maji 82% (namba ya kitabuni ya tangawizi mbichi), kavu iwe na maji 10%. Kitu kikavu ni 18% ya 640, yaani kilo 115.2. Gawa kwa 0.9. Jibu: kilo 128 kamili. Tukaingiza na zile 93 zilizopatikana kweli. Ukurasa ukaandika kwa herufi nyekundu:

UPOTEVU: KILO 35.0

Jamani. Niliangalia ile skrini nikahisi tumbo linashuka. Chombo chetu wenyewe, tulichokitengeneza kwa chipsi mayai, kimekaa upande wa washitaki. Kibaya zaidi, kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshamtumia mjomba picha kabla sijafikiri, na mjomba kwa kuniamini akawaonyesha wenzake. Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi. "Hata kompyuta ya chuo kikuu imesema upotevu." Binamu yangu akauza mbuzi wake, akalipa sehemu ya kwanza ya deni, akarudisha funguo.

Ndiyo, nilifanya hivyo mimi. Nimekaa na hili jambo likizo nzima, ndiyo maana naandika.

Nilipofika nyumbani nilienda kwa mwenyekiti wa kikundi. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, chai ya tangawizi (ndiyo, ya tangawizi, na hakuna aliyecheka). Nikamwomba kitu kimoja: mzigo unaofuata, niruhusiwe kufuata gunia moja tangu getini mpaka mwisho, nikipima kila hatua. Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu alijua hakuna hatua hata moja katikati waliyowahi kupima. Walikuwa na namba mbili tu, ya kuingilia getini na ya kutokea stoo.

Tukachukua kilo 50. Tukaosha, tukatoa mizizi na zilizooza, tukaacha zichuruzike. Zikabaki kilo 44.5. Kumbe kilo 5.5 zilikuwa udongo na takataka! Wakulima huchimba udongo ukiwa mbichi, na tangawizi ina vidole vingi, udongo unajificha humo. Tukamenya. Zikabaki 39.5. Maganda yamechukua kilo 5. Yaani kabla jua halijagusa chochote, katika kila kilo 50 zilizolipiwa, kilo 10.5 zimeshaenda shimoni na kwa ng'ombe.

Halafu nikachukua vipande gramu 200, nikashuka navyo Same mjini kwa mama mmoja anayeoka keki, ana oveni ya umeme. Mizani nikaazima kwa mwalimu wa kemia wa pale nilipofanyia TP. Nikakausha na kupima, kukausha na kupima, mpaka uzito ukakataa kushuka. Zikabaki gramu 34. Kitu kikavu ni 17%, si 18%. (Wataalamu msinirukie: najua mafuta ya harufu ya tangawizi nayo huondoka kidogo na moto, kwa hiyo ile 83% si maji matupu. Nyumba nzima ya yule mama ilinukia.)

Sasa tuirudie hesabu kwa kilo 640. Udongo na taka kilo 70.4. Maganda kilo 64. Zinazoingia kukaushwa kilo 505.6. Kitu kikavu humo ni kama kilo 86. Zikikaushwa mpaka maji 10%, zinatoka kilo 95.5. Na mvuke uliopanda mbinguni ni kilo 410.1. Jumlisheni zote nne, mtapata 640. Si 128 bali 95.5! Walizopata ni 93.

Na zile 2.5 zilizobaki? Kikundi hakina kipima unyevu, wanakausha mpaka kipande kivunjike kwa sauti. Kama waliacha kidogo zaidi juani maji yakafika 8%, hesabu inashuka mpaka kilo 93.4. Kukausha kupita kiasi nako kunakula uzito. Tena mizani yao ya kuning'inia inasomeka kwa nusu kilo, na magunia yalipimwa mara 16. Kwa hiyo kilo mbili na nusu hapo sitamhukumu nazo hata paka.

Naomba niseme ukweli wote, maana mada yenyewe inataka hivyo. Gunia nililopima mimi ni la mzigo mwingine. Siwezi kuapa kwamba tangawizi ya mzigo ule wa kwanza ilikuwa na udongo uleule na maji yaleyale. Hesabu yangu haithibitishi kwamba binamu yangu hakugusa kitu. Inachothibitisha ni kwamba ile kilo 35 haikuwahi kuwa ushahidi wa chochote. Ilikuwa namba ya kubuni iliyovaa suti.

Na lile la "5 kwa 1" si uongo! Kwa tangawizi iliyokwisha kuoshwa na kumenywa, yenye maji 82%, ni sahihi kabisa. Kosa ni mpaka. Namba ya kwenye mlango wa kikaushio waliipeleka getini, ambako gunia bado lina udongo. Kuanzia getini, kwa vipimo vyangu, ni karibu kilo 7 kwa 1. Namba sahihi kwenye sanduku lisilo lake.

Sasa nije kwenye ubishi wangu na Injinia, ambao umetuchukua Ijumaa tatu na chipsi zimepoa.

Mimi nasema hivi: chombo cha mizania kisimalize hesabu kwa kutoa tu. Wanafunzi wengi wakitengeneza hesabu hii kwenye Excel hufanya hivyo. Wanapima mshale mmoja au miwili, mshale wa mwisho wanaupata kwa kutoa, wanaupa jina, hesabu inafunga, kila mtu anafurahi. Lakini hesabu inayofunga kwa kutoa itafunga daima! Hata ukikosea kupima, itafunga. Hata mtu akiiba kweli, itafunga. Makosa yote ya dunia yataingia kwenye ule mshale mmoja, na jina ulilouandikia ndilo litakalosomwa. Sisi tuliuandikia "upotevu". Kwa Kiswahili cha kikao cha kijijini, kitu kikipotea kuna aliyekipoteza. Mhandisi anasoma neno lile kama udongo, mvuke, vumbi. Mwenyekiti anasoma jina la mtu.

Kwa hiyo kila namba kwenye ukurasa ionyeshe kabila lake: hii imepimwa, hii imekokotolewa, hii imekisiwa kutoka kitabuni. Ile 82% yetu ilikuwa ya kitabuni, lakini kwenye skrini ilisimama bega kwa bega na 640 iliyopimwa, rangi ileile, herufi zilezile. Na tofauti ikibaki, iitwe pengo lisiloelezwa, na chini yake ukurasa uorodheshe hatua ambazo hazikupimwa. Kama mzee wa ndiva, uulize kabla ya kusema.

Injinia anajibu, na majibu yake si ya kitoto, niyaweke hapa kwa haki. La kwanza: chombo ni cha wahandisi, na mhandisi hahitaji kufundishwa kwamba tangawizi ina udongo. La pili: ukimuuliza mtumiaji maswali kumi na tano kabla ya kumpa jibu, atafunga ukurasa na kurudi kwenye kikokotoo cha simu. La tatu, aliniuliza kwa ukali kidogo: "Kwani mimi ndiye niliyetuma ile picha kwa mjomba?"

La tatu ananipiga, nakiri. Kosa la kutuma ni langu.

La kwanza silikubali. Wahandisi wenyewe wamelihangaikia jambo hili miaka mingi. Mwaka 1961 Kuehn na Davidson waliandika namna ya kupatanisha vipimo vya mtambo ambavyo havifungi: badala ya kulazimisha mshale mmoja ubebe makosa yote, unasambaza marekebisho kwenye vipimo vyote kulingana na unavyoviamini, kile chenye shaka kubwa kirekebishwe zaidi. Kazi hiyo haikuja kwa ajili ya wanakijiji. Na huwezi kupatanisha vipimo kama chombo hakikumbuki kipi kilipimwa na kipi kilikisiwa. Kwa hiyo ninachokiomba si huruma ya mwalimu kwa watu wa kijijini. Ni uhandisi wenyewe.

Na mpaka unawapiga hata wenye digrii. Twendeni Makanya, hapohapo wilayani Same, kunakochimbwa jasi. Chukua tani 1 ya jasi safi, ichome kwa ajili ya plasta. Inatoka kama kilo 843. Hakuna kilichomwagika, hakuna aliyeiba. Kilo 157 zilizobaki ni maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya jiwe lenyewe, jiwe kavu unaloweza kulikalia! Mtu akipima unyevu wa juujuu tu na kusema "jiwe langu ni kavu, lazima nipate tani yangu", naye atatafuta mwizi. Mwaka jana kwenye TP niliwauliza kidato cha tatu swali hili. Nusu ya darasa walisema mlinzi ndiye aliyeiba.

La pili, la maswali mengi, hapo nampa nusu. Ni kweli hakuna atakayejaza fomu kama ya Bodi ya Mikopo ili ajue uzito wa tangawizi. Lakini si lazima uulize kabla. Toa jibu, halafu onyesha halikuuliza nini: "Jibu hili linachukulia kwamba kilo zote zilizoingia ni tangawizi safi iliyomenywa." Sentensi moja! Kama sentensi hiyo ingekuwepo usiku ule, mjomba mwenyewe, asiyejua mlinganyo wowote, angesema papo hapo: "Aa, ile ya kwetu ilikuwa na udongo."

Hapo ndipo suala la Kiswahili linapoingia, na najua wengine mtaguna. Shule za msingi za serikali tunafundisha kwa Kiswahili, sekondari tunahamia Kiingereza, na kemia yote tunaisoma kwa Kiingereza. Matokeo yake mtu anaondoka kidato cha nne na maneno ya kemia ambayo hawezi kuyatumia kwenye kikao cha kikundi chake. Binamu yangu alisoma kwamba uzito hauangamii. Alilijua hilo kwa Kiingereza cha mtihani. Siku alipolihitaji, mbele ya watu kumi na mbili, kwa Kiswahili na Chasu, hakuwa na maneno. Alinyamaza, na kunyamaza kwake wakakuhesabu kama kukiri.

Sisemi kila chombo cha uhandisi kiwe cha Kiswahili. Nasema hiki kinaweza, kwa sababu maneno yapo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, mpaka, pengo. Watu wa ndiva wamekuwa wakiyatumia kabla CoET haijajengwa. Na chombo cha mizania ni mojawapo ya vitu vichache vya kihandisi ambavyo yule anayepimiwa anapaswa kuweza kuvisoma sawa na yule anayepima. Mkulima anayeuza mbichi, kikundi kinachokausha, mnunuzi anayelipa kwa kavu: wote watatu wanagombania mzigo uleule kwenye mipaka tofauti. Anayejua mpaka uko wapi ndiye anayepanga bei.

Tulipofikia mpaka sasa ni hivi. Injinia amelifuta neno "upotevu". Sasa panaandikwa "pengo lisiloelezwa", na si kwa herufi nyekundu tena. Namba za kukisia zimepewa rangi ya kijivu. Kuna kitufe cha kuchagua kama asilimia ya maji ni ya uzito wote au ni ya kulinganisha na kitu kikavu, maana tangawizi ileile yenye maji 83% kwa hesabu ya kwanza, kwa hesabu ya pili ni 488%, na mtu akichanganya hizo mbili ni balaa jingine. Kupatanisha vipimo kwa njia ya 1961 bado, anasema mpaka amalize mradi wake wa mwaka wa nne. Hatujakubaliana kama ile sentensi ya "jibu hili linachukulia" iwe juu ya jibu au chini yake. Mimi nasema juu. Yeye anasema juu inaharibu muonekano.

Kwenye kikundi, mwenyekiti aliitisha kikao kabla sijarudi Dar. Nilibandika karatasi ukutani yenye masanduku manne na mishale, nikaeleza nikitumia ndiva kama mfano. Mzee mmoja akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunauziwa udongo," na kikao chote kikahamia huko, bei ya getini, nani anaosha, mkulima aoshe kwanza au la. Sasa wanapima mara tatu: getini, baada ya kumenya, na stoo. Deni lililobaki la binamu yangu likafutwa. Hakuna aliyesema samahani, lakini mwenyekiti alimpigia simu kumwuliza kama anataka funguo zake. Alikataa. Anaendesha bodaboda Same mjini, anasema pikipiki haimwulizi kilo.

Mbuzi hajarudi. Aliyemnunua alishamchinja kwenye harusi. Nimemwambia mjomba nikipata bumu la muhula ujao nitanunua mwingine, akacheka, akasema mwanafunzi wa ualimu asiahidi mbuzi.

Haya, niseme yangu ya mwisho kisha niwahi maji kabla hayajakatika. Ninyi mnaosoma uhandisi, ukitengeneza chombo cha kupiga hesabu za watu wengine, kila neno unaloliandika pembeni ya namba litasomwa na mtu ambaye hukumfikiria, mahali ambapo wewe haupo kueleza. Na ninyi walimu wenzangu mnaoenda TP mwezi ujao: siku ya kufundisha kwamba uzito hauangamii, bebeni mzani, nyanya na kisu mwingie navyo darasani. Pimeni maganda pia.

Mwenye mbinu ya kupima unyevu bila oveni ya keki aniandikie. Na anayedhani ile sentensi ikae chini ya jibu aandike pia, ila ajue naanza na kuku, ng'ombe yupo nyuma.